Kwenye Jukwaa la Panya

Alhamisi, 7 Machi 2019

Zimetoka. Tiketi za ugenini. Siamini — miaka yote hii, tangu mashabiki wageni wapigwe marufuku, mechi za Punta Alta nimezisikiliza redioni, jikoni, Mama akinipita na sufuria. Sasa wakubwa wa ligi wamesema wajaribu. Jumapili ya tarehe 17 klabu yetu, Estrella, inakwenda Punta Alta kwa mahasimu wetu Molino, na mashabiki wake wanakwenda nayo. Wachache tu, wa kujaza kona moja yenye wavu. Lakini mashabiki!

Anayezigawa ni Baba na wenzake wa kamati. Nani mwingine? Hapa Bahía Blanca ukisema Estrella umesema Anselmo Iriarte na duka lake la vifaa vya ujenzi lenye bendera ya kijani juu ya mlango. Nimemwambia mezani: Baba, ya kwanza ni yangu. Akasema tutaona, mwanangu, maombi ni mengi. Tutaona! Mimi niliyebebwa mabegani kwake uwanjani kabla sijaota meno.

Yeye mwenyewe haendi. Hilo halishangazi. Mechi ya Molino ugenini haitazami wala haisikilizi, ni mwiko wake, na mtaa mzima unaujua. Siku hiyo huchukua gari peke yake, huelekea milimani, huzima redio. Jioni huingia mlangoni na neno moja: "Tumefanyaje?" Mimi ndiye humpa matokeo. Tangu nikiwa mdogo. Ni kazi yangu.

Jumapili nyingine, Estrella ikiwa haichezi nyumbani, huenda Punta Alta kumwona shangazi yake Herminia. Mgonjwa, maskini, na hapendi wageni. Sisi hatujawahi kumwona. Kila Krismasi namwokea keki, Baba anaipeleka.

Jumanne, 12 Machi

Jina langu halikutoka.

Baba anasema walipiga kura, vikaratasi ndani ya kofia. Hata yeye hawezi kumpendelea mtu wa nyumbani kwake, watu watasema. Alinishika bega. Alikuwa na huzuni usoni mpaka mimi ndiye niliyemhurumia. Si neno, Baba, nikasema. Kuna mwaka mwingine.

Kazini nimeharibu meno ya juu ya bibi mmoja. Nimeyapanga kama uzio ulioegemewa na ng'ombe. Roxana kacheka mpaka kashika meza. Mwaka wa nne huu tunatengeneza meno bandia chumba kimoja na bado hajachoka kunicheka. Yeye anakaa Punta Alta, kaolewa katika ukoo wa Molino, bibi mpaka kitukuu.

"Kulikoni? Kabichi zimekosa gari la kwenda sokoni?"

Kabichi ndiyo sisi, kwa sababu ya kijani chetu. Wao ni Panya, kwa sababu klabu yao ilianzishwa na wapakiaji wa kinu cha unga. Nikamwambia asage meno anyamaze. Akaona macho yangu, akanyamaza kweli, akanimiminia mate, ile chai yetu ya majani machungu, ya moto na yenye sukari, ingawa anajua nakunywa bila sukari.

Ijumaa, 15 Machi

Asubuhi nimekwenda kununua mkate. Don Evaristo, mwokaji, katoka nyuma ya meza na unga wake mikononi, kanikumbatia. Mtu mzima, karibu alie. Asante, Malvina, sitakusahau. Nikauliza kwa lipi. Kwa tiketi, akasema. Baba yako kaniletea juzi. Kasema binti yangu aliwekewa lakini anaogopa fujo, hataki kwenda, chukua wewe.

Nikasema: furahia, don Evaristo. Nikalipa mkate, nikausahau pale pale.

Kwa hiyo hapakuwa na kofia. Hapakuwa na vikaratasi. Na mimi ni mwoga, mtaa mzima sasa unajua.

Nimemwambia Mama. Alikuwa anamenya viazi, hakugeuka. Baba yako ana sababu zake, kasema. Usimchokonoe.

Sababu gani? Angesema tu: Malvina, sitaki uende. Ningepiga kelele kidogo halafu ningekaa. Lakini kunidanganya na kunishika bega!

Kazini nikamwaga yote kwa Roxana. Alisikiliza, kisha akaenda kwenye mkoba wake, akarudi na kadi. Kadi ya uanachama ya Molino, ya mama mkwe wake Norma, ambaye yuko Mendoza kwa binti yake mpaka mwisho wa mwezi. Jukwaa la wenyeji, katikati kabisa. "Nenda. Langoni hawaangalii sura. Ila mdomo huo uufunge kwa gundi, maana wakijua wewe ni Kabichi watakupika."

Nimeipokea kabla hajamaliza kusema. Mimi, na kadi ya Panya mfukoni.

Kitu kimoja tu kinanitia baridi. Punta Alta ni kwa kina Lisandro, aliyekuwa mchumba wangu. Sijakanyaga huko tangu mambo yale. Miaka miwili sasa. Tulikuwa tumefika mahali pa kutafuta nyumba. Nikamleta kwetu kula chakula cha mchana, mara ya kwanza, na Baba alipofungua mlango akamwona, uso ulimpauka. Nilidhani ni ile alama ya Molino kwenye ufunguo wake wa pikipiki. Baba akamwita uani, wakazungumza wawili, chakula kikapoa. Lisandro akaondoka bila kukaa. Kisha Baba akaniambia: Panya halali nyumbani mwangu. Yeye au mimi, chagua.

Nilichagua. Nililia miezi, lakini nilichagua, na nilijiona mtoto mwaminifu.

Jumapili, 17 Machi

Niandike yote sasa, kabla akili haijaanza kuyapanga upya.

Baba aliondoka asubuhi. Thermosi ya mate, kofia, koti. Alinibusu paji la uso. "Niombee huko milimani nisipasuke moyo." Mimi nilisema naenda kula kwa Roxana. Kwa hiyo leo tulidanganyana sote wawili, mlango mmoja.

Nilipanda basi, kisha miguu. Nilivaa koti la kijivu la Mama. Langoni mzee mmoja akaipitisha kadi bila kuniangalia, akasema karibu, Norma, umepungua. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Ndani — sijui nilitarajia nini. Pembe? Walikuwa watu. Wanakula mkate wa soseji, wanawagombeza watoto wao, wanalalamikia upepo. Upepo ule ule wa kwetu. Kiti cha Norma kiko juu kidogo, na kando yake bibi mmoja mnene mwenye mbegu za alizeti mapajani. Doña Pocha. Akaniuliza mimi nani. Nikasema nafanya kazi na mkwe wa Norma. Akanijazia mbegu kiganjani. "Umekuja siku nzuri, mwanangu. Leo kabichi zinachemshwa."

Kule konani, nyuma ya wavu, wetu. Wachache, kijani, wanaruka. Niliona bendera yetu ndefu, ile niliyoshona upindo wake mwenyewe. Don Evaristo alikuwa hapo chini yake mahali fulani, na tiketi yangu. Jukwaa zima likaanza kuwaimbia wimbo kuhusu mama zetu na shamba la mboga. Doña Pocha aliuimba kwa sauti ya kanisani. Akanidunda kiwiko. Niliufungua mdomo na kuufunga kama samaki.

Tulifunga sisi kwanza. Kipindi cha kwanza, kichwa, kona. Sijui nieleze vipi. Kila kitu ndani yangu kilisimama na miguu yangu ikabaki imekaa. Niliuma shavu kwa ndani mpaka nikaonja damu. Kule konani walipandana kama siafu. Kwetu huku kimya, na doña Pocha akanitazama. "Mbona umekauka hivyo?" Nikasema tumbo. Akanipa peremende ya mnanaa.

Walisawazisha baada ya mapumziko. Shuti la mbali, likamgonga beki, likaingia. Jukwaa likalipuka. Doña Pocha kanikumbatia na mbegu zake zote, uso wangu ukawa begani mwake, na juu ya bega lile nikaona safu za chini. Wanaume wawili wamekumbatiana wanaruka, mmoja wao kanipa mgongo. Jezi ya zamani ya nyekundu na nyeusi, ya pamba, yenye kola. Kisha wakazunguka katika kule kuruka, na yule mwenye jezi akanigeukia.

Baba.

Kofia ilikuwa imemdondoka. Mdomo wazi, macho yamefumbwa, mishipa ya shingo imevimba. Sijawahi kumwona hivyo kwetu. Kwetu hushangilia kwa kupiga makofi, kama mzee wa kamati. Huku alikuwa mtoto.

Na aliyemkumbatia ni don Ulises. Baba yake Lisandro. Nimekula meza moja na don Ulises, siwezi kukosea.

Mtu akapiga kelele kutoka nyuma yangu: "Selmo! Selmo, kofia yako!" Wakaipitisha mkono kwa mkono, safu kwa safu. Ilipita kwangu. Niliishika. Nikampa wa mbele. Baba akaipokea bila kutazama ilikotoka, akaivaa, akaishusha mpaka kwenye nyusi.

Nikamuuliza doña Pocha, yule nani.

"Selmo? Huyo wa hapa tangu enzi. Marehemu baba yake ndiye alikuwa anapiga ngoma kubwa, pale pale alipokaa. Anaishi Bahía Blanca lakini hakosi. Mke wake ni wa Kabichi, maskini, hathubutu kumwambia." Akacheka, mbegu zikaruka. "Mwanamume anamwogopa mke kuliko refa."

Wakafunga la pili mwishoni kabisa. Sikulitazama goli, nilimtazama yeye. Alipiga magoti. Baba yangu, mwenye goti bovu, ambaye hawezi kupiga magoti kanisani.

Niliondoka kabla ya filimbi. Nikafika nyumbani, nikavua koti, nikanawa uso. Mama alikuwa anapika supu. Jioni ufunguo mlangoni. Baba. Kofia, thermosi, vumbi la milimani kwenye viatu — sijui alilitoa wapi vumbi.

"Tumefanyaje?"

Nilimtazama. Nikasema: "Mbili moja. Tumefungwa."

Akakaa. Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Panya wale," akasema polepole. "Panya wale, Mungu awalaani."

Mama akamwekea supu.

Jumatatu, 18 Machi

Sikulala. Sikwenda kazini. Nimesema tumbo. Baba kaniletea chai ya chamomile kitandani.

Jumatano, 20 Machi

Nimekwenda kwa Lisandro.

Nilimkuta kwenye karakana yake ya friji karibu na soko, kapiga magoti nyuma ya friji la mchinjaji. Kanenepa kidogo. Aliponiona akaweka bisibisi chini, akafuta mikono, akaendelea kuifuta ilipokwisha kuwa safi.

Nikamwambia nilikuwa jukwaani Jumapili. Nilimwona.

Hakuuliza nani.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua alipofungua mlango. Malvina, mimi nimekulia nyuma ya mgongo ule. Nikiwa mtoto alikuwa ananipa peremende, ananibeba tukishinda. Sikujua jina lake kamili. Selmo tu. Nikaja kwenu na maua, mlango unafunguka, ni Selmo."

"Alikuambia nini uani?"

Alikaa kwenye kreti. Aliniambia bila kunitazama. Baba alimpa njia mbili. Ya kwanza: vaa kijani. Vaa kama nilivyovaa mimi, uape, udanganye wote mpaka kufa, nami nitakupa binti yangu. Ya pili: ondoka na ufunge mdomo, maana siwezi kukaa meza moja na mtu anayenijua. Lisandro akasema kijani hakivai. Baba akaomba neno lake. Akalia, anasema Lisandro. Mtu mzima akalia uani kwetu huku mimi niko ndani napanga vijiko.

"Ukampa neno lako."

"Nilimpa."

"Na mimi ulinipa nini?"

Friji likaanza kunguruma, limepona.

"Ungeniambia," nikasema. "Siku ile, siku ya pili, mwaka uliofuata. Mimi nilikaa nikidhani wewe umeondoka kwa kutukanwa. Nilidhani nimemchagua baba yangu dhidi ya Molino."

"Alikuwa baba yako. Nilidhani ukijua utabaki huna yeye wala mimi."

Sasa ndivyo nilivyo, nilitaka kusema. Pazia likafunguka, mwanamke akachungulia, kijana, mwema, tumbo la miezi ya mwisho. Akauliza kama mgeni atakunywa mate. Lisandro akasema huyu ni Malvina, mteja. Mteja! Nikamwambia asante, nina haraka.

Mlangoni nikamuuliza kuhusu shangazi Herminia. Akaona haya, na ndiyo aibu pekee niliyoiona usoni mwake leo. Alikufa zamani, akasema, kabla hata hatujajuana. Na keki zangu?

"Tulikuwa tunakula wakati wa mapumziko. Jukwaa zima. Zilikuwa tamu."

Jumamosi, 23 Machi

Leo nimesema. Kwa namna yangu.

Nimekwenda dukani mchana, saa ya watu kulala, hapakuwa na mteja. Alikuwa anapima misumari. Nikaegemea meza, nikamwambia, kama mtu anayepiga soga: "Lile goli lao la pili lilikuwa la kuotea."

Hata hakuinua kichwa. "Halikuwa la kuotea. Beki wenu wa kushoto alibaki nyuma."

Wenu.

Mizani iliendelea kucheza, juu, chini, mpaka ikatulia. Aliinua macho. Nadhani kwa muda alitafuta uongo wa tatu au wa nne, nilimwona anatafuta, kisha akaacha.

"Ulikuwa wapi?"

"Kiti cha Norma. Kofia yako ilipita mikononi mwangu."

Akafunga mlango wa duka, akageuza kibao. Akakaa kwenye gunia la saruji, mimi nimesimama. Akaanza kutoka mbali. Baba yake na ngoma. Kisha akampenda Mama kwenye dansi, na babu, baba yake Mama, mwenye duka hili, alimuuliza swali moja tu: wewe ni wa timu gani? "Nikatazama bendera mlangoni, nikasema Estrella. Neno moja, Malvina. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilidhani ni la siku ile."

Kisha duka. Kisha kamati. Kisha mimi mabegani mwake.

"Nikiwa na wewe uwanjani sikuigiza," akasema. "Ulipokuwa unafurahi mimi nilikuwa nafurahi. Wewe sikukudanganya. Nilimdanganya babu yako."

"Babu kafa nikiwa darasa la pili."

"Kufikia hapo ningeacha vipi?"

"Na tiketi yangu?"

Akasema kona ile ya wageni inatazamana na safu yake. Miaka yote hii hakuna Kabichi aliyefika kule, na sasa wanaleta kona nzima. Wengine hawana macho, alisema, lakini wewe ungenijua kwa mgongo. Ndiyo sababu. Angeweza kubaki nyumbani siku moja, nikamwambia. Mechi moja.

"Ningebaki vipi?" Alisema hivyo, na niliona hajui kweli.

Kisha nikataja jina. Lisandro. Akatazama mikono yake. "Nilimpa njia ileile niliyopita mimi."

"Ulimpa yeye. Mimi uliniambia nichague kati yenu. Ulisema Panya halali nyumbani mwako."

"Nilisema."

"Panya alikuwa analala humo kila siku, Baba. Chumba cha mbele."

Mtu akagonga kioo, akaona kibao, akaenda zake. Baba akasimama, akafuta saruji kwenye suruali. Akaja karibu, na mkono ule ule, bega lile lile. Jumapili ya tarehe 31 klabu inafanya karamu ya mchana, nyama choma, wanachama wote. Watampa bamba la heshima. Mimi ndiye nimechaguliwa kumkabidhi na kusema maneno machache, kamati iliamua zamani, alikuwa akingoja kunifurahisha. "Ipite hiyo tu. Baada ya hapo nitaona la kufanya. Nipe neno lako, mwanangu."

Neno. Analikusanya kwa watu kama kodi.

Nimeondoka bila kumpa.

Jumanne, 26 Machi

Mezani Baba ananipitishia chumvi kabla sijaiomba.

Roxana anataka kujua yote. Nimemwambia mbegu za alizeti, doña Pocha, wimbo wa shamba la mboga. Hilo jingine mdomo unakataa. Na hapo nikajikamata: nami namtunzia Baba siri. Bila kumpa neno, namtunzia.

Jumamosi, 30 Machi

Nilidhani nimekwisha kufika chini.

Mama alikuwa anapiga pasi jezi ya kijani ya Baba, ya kesho. Nilikaa jikoni namtazama. Anapiga pasi vizuri, kola kwanza. Nikafikiri: huyu ndiye wa kumwonea huruma kuliko wote. Maisha yake yote kitanda kimoja na mtu asiyemjua. Nikafikiri nimwambie mimi, taratibu, kabla hajasikia kwa mwingine. Nikamshika mkono. Nikasema Mama, unajua Baba huwa wapi zile Jumapili?

Akauvuta mkono, pasi isiunguze.

"Ile nyekundu huchuja," akasema. "Naifua peke yake, kwa mikono. Ukiichanganya na hizi za kijani, zote zinaharibika."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

Tangu lini, nikamuuliza. Tangu harusi. Alimwambia yeye mwenyewe usiku wa tatu, alikuwa analia. "Nani mwingine angeifua?" Alisema kama vile nimeuliza nani hununua sabuni. Akakunja mkono mmoja wa jezi, akakunja wa pili.

Kwa hiyo lile igizo lote — kichwa mikononi, Panya wale, supu, milima, shangazi — halikuwa la babu. Babu yuko makaburini. Halikuwa la Mama. Mezani tulikuwa watatu. Wawili walikuwa jukwaani na mtazamaji alikuwa mimi.

"Na Lisandro?"

Hapo aliiweka pasi. Alinitazama, na alikuwa na uso wa kuchoka, si wa kujuta.

"Nilidhani utampata mwingine, Malvina. Wewe ulikuwa kijana. Baba yako alikuwa na nani?"

Jumapili, 31 Machi

Naandikia chooni, klabuni. Mlango umefungwa, nimekalia kifuniko, daftari magotini. Ukuta mwembamba, nasikia kila kitu.

Nimevaa kijani. Asubuhi nilivaa koti la kijivu, nikalivua. Kijani ni changu. Hiki hawakunidanganya, mimi nilikipenda kweli, na ndicho kinachoniuma: katika nyumba ile shabiki wa Estrella alikuwa mmoja na nusu. Mama nusu.

Ukumbi umejaa. Don Evaristo kaleta mikate na anasimulia Punta Alta kwa kila atakayesimama. Anasema mashabiki wao ni wanyama. Anasema alimwona mzee mmoja wa Molino kapiga magoti kama kichaa goli la pili lilipoingia. Alisema hivyo meza yetu, Baba akiwa na uma mkononi. Baba akasema: "Unawajua Panya." Watu wakacheka. Baba akacheka. Kisha akanitazama, si muda mrefu.

Baada ya nyama rais wa klabu alisimama. Akamsema Baba. Mtu ambaye damu yake ukiipima utaikuta ya kijani. Mtu ambaye moyo wake hauwezi hata kutazama mechi ya Molino ugenini. Makofi. Wakaimba wimbo wetu, na Baba akaimba, na machozi yakamtoka. Niliyachunguza kutoka karibu. Ni ya kweli. Ningeyajua ya uongo, nina uzoefu sasa. Yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo nilipoinuka nikaja huku.

Maneno yangu nimeandika jana usiku. Karatasi mbili. Moja inasema asante. Nyingine inasema kiti cha Norma. Zote ziko mfuko mmoja wa suruali na sijui mkono utatoa ipi.

Nasikia kipaza sauti. "Na sasa, binti yake."

Makofi. Yanapungua. Kicheko kidogo, mtu kasema anajipodoa.

Mama kagonga. Malvina, wanakungoja. Nimesema nakuja. Kaondoka, nasikia visigino vyake.

Sasa mwingine. Hagongi. Nasikia anapumua, kama anavyopumua akipanda ngazi na goti lake.

"Malvina."

Naendelea kuandika.

"Sikuja kukuomba neno." Kwa chini, mdomo karibu na ubao. "Nimekuja tu. Sema ulichoandika."

Ukumbini wameanza kumwita yeye, kwa kupiga meza: Ansel-mo, Ansel-mo. Meza zote. Vikombe vinatikisika mpaka huku. Akienda sasa, atapita katikati yao na mikono juu, kama kila mwaka.

Haendi. Chini ya mlango naona viatu vyake, ncha zake zimenielekea mimi.

Wanazidi kupiga. Nimeshika kitasa kwa mkono wa kushoto, na huu wa kulia bado unaandika. Nalifunga daftari, mkono uende mfukoni.